Bega la Namba Arobaini na Saba

Simu ya utafiti ililia Jumatano alasiri, na aliyeipokea hakuwa mtu wa kuipokea.

Ilikuwa simu ndogo nyeusi, imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, isije ikaota miguu kama ile iliyoitangulia. Kuipokea ilikuwa kazi ya Sista, muuguzi wa utafiti, lakini wiki hiyo Sista alikuwa mafunzoni na ofisini alibaki karani peke yake. Karani huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei, mpole, mwoga wa kubishana na watu, hasa watu wenye makoti meupe. Wenzake walimwita Bi Penseli, maana hakuonekana hata siku moja bila penseli iliyochomekwa kwenye nywele zake zenye mvi.

"Haloo, ofisi ya utafiti."

"Mama, ni mimi, arobaini na saba." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea huku amebana pumzi. "Leo yamekuja ya namna nyingine. Siyo yale."

Bi Penseli alitazama karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya simu. Profesa aliiandika mwenyewe kwa ajili ya wale wasio waganga. Alimsomea yule mwanamke kama ilivyo, mpaka nukta ya mwisho: "Asante kwa kutupigia. Tafadhali paka rangi kwenye mchoro wako. Ukizidiwa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe."



"Haya, mama. Nitapaka," yule mwanamke akasema, akakata.

Bi Penseli alirudi kwenye kompyuta yake. Alijisikia vibaya kidogo, lakini alijiambia kwamba utaratibu ni utaratibu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa hospitali ya chuo kikuu, na uliwahusu wanawake wenye endometriosisi, ule ugonjwa ambao nyama laini kama ile inayotanda ndani ya mfuko wa uzazi huota mahali pengine tumboni, na kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanawake hao walikuwa wamechoka kuambiwa na wasiokilalia kwamba wajikaze, ndio uanamke. Profesa aliyeongoza timu naye alikuwa amechoka kuwasikia wakisimulia jinsi walivyoambiwa hivyo. Ndipo akabuni michoro. Kila mshiriki alipewa daftari lenye umbo la mwanamke kila ukurasa, mbele na nyuma, na penseli tatu za rangi. Njano ilikuwa ya maumivu yanayokuacha ufanye kazi, rangi ya chungwa kwa yale yanayokukalisha kitako, na nyekundu kwa yanayokulaza. Kila asubuhi mshiriki alipaka rangi panapomuuma, akajaza na kisanduku cha hedhi, akapiga picha ukurasa na kuutuma. Bi Penseli akauingiza kwenye kompyuta.

Majina hakuyajua. Majina na anwani vilikaa kwenye daftari moja ndani ya kabati la chuma, na ilikuwa marufuku mtu yeyote kulifungua isipokuwa Sista na Profesa. Yeye alikuwa na namba tu, kuanzia moja hadi mia moja na ishirini. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa miezi kumi na moja ya kutazama michoro asubuhi hadi jioni, alikuwa amewajua. Alijua kwamba namba kumi na mbili hupaka kwa hasira mpaka karatasi inatoboka. Namba themanini humchorea mwanamke wake tabasamu hata siku ambayo tumbo lote ni jekundu. Na namba arobaini na saba alikuwa msafi kuliko wote. Rangi yake haikuvuka mstari hata kwa upana wa unywele, kama mtu aliyezoea kazi isiyosamehe mkono unaotetemeka.

Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, mchoro wa arobaini na saba ukaingia. Bi Penseli aliufungua huku ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini.

Nyekundu ilikuwa chini ya tumbo upande wa kulia, imekandamizwa mpaka inang'aa. Halafu kulikuwa na nyekundu nyingine, mbali, peke yake, kwenye ncha ya bega. Zote mbili zilikuwa zimevuka mstari. Pembeni kulikuwa na maandishi yaliyopanda na kushuka: *Nikilala inazidi. Nimekesha nimekaa.*

Bega. Alikuwa ameingiza viuno, mapaja, migongo, hata nyayo. Bega hakuwahi.

Daktari wa utafiti alipita kuchukua karatasi zake. Alikuwa kijana msomi, mcheshi, ambaye wauguzi walimwita Daktari Haraka kwa sababu hata salamu alikuitikia akiwa ameshakupita. Bi Penseli alimwonyesha.

"Bega la kulia!" Daktari aliinama karibu na kioo cha kompyuta, macho yakamng'aa. "Unajua hii ni nini? Ugonjwa umepanda hadi kwenye kiwambo, ule ukuta wa misuli chini ya mapafu. Kiwambo kikiumia, bega ndilo linalolia. Tunaisoma vitabuni, machoni hatuioni. Bi Penseli, umeniokotea almasi!"

"Si hatari, daktari?"

"Inauma, ila haiui. Mpangie Jumanne tumpige picha ya kifua." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Mimi na Profesa tunaingia kwenye upasuaji mkubwa, hatutoki kabla ya saa sita. Jumanne, usisahau!"

Bi Penseli aliandika Jumanne kwenye kalenda. Kisha akakaa akiitazama ile kalenda, maana kulikuwa na jambo alilolijua na hakukumbuka alilijulia wapi.

Lilimjia alipokuwa anasimama kufunga dirisha. Kabla ya kuhamia utafiti, alifanya kazi miaka kumi na sita kwenye masjala ya hospitali, akipiga chapa muhtasari wa mafaili. Faili moja lilikuwa la msichana aliyerudishwa nyumbani mara mbili na vidonge vya maumivu. *Alilalamika tumbo la chini na ncha ya bega.* Bi Penseli alidhani ni makosa ya mwandiko, akapanda ngazi kwenda kumuuliza daktari. Yule daktari hakuinua hata kichwa. "Ni bega, mama," alisema. "Andika bega." Na faili lile baada ya kuchapwa halikurudi wodini. Lilipelekwa kwenye rafu ya mwisho ukutani, ya wale ambao hawatakuja tena kuulizia mafaili yao.

Msichana alikuwa ameuawa na nini? Akajikuna kichwa. Mimba. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Akafungua kurasa za nyuma za namba arobaini na saba. Kisanduku cha hedhi kilikuwa na alama kila mwezi, kila baada ya siku ishirini na nane, bila kukosa, kama mshahara wa serikali unaotabirika. Mwezi huu hakikuwa na alama. Alihesabu kwa ncha ya penseli, akarudia, akahesabu tena kwa vidole. Siku arobaini na nne. Siku mbili zilizopita kulikuwa na neno moja: *matone*.

Na jana alipiga simu. Alisema, siyo yale.

Bi Penseli alipanda hadi ghorofa ya vyumba vya upasuaji akiwa anahema. Mlangoni alikuwepo mhudumu wa kiume mwenye kofia ya kijani.

"Namtaka Profesa. Au Daktari. Nusu dakika tu."

"Mgonjwa wamemfungua tumbo. Una dharura?"

Yeye ni nani, mpiga chapa, aje kumtoa Profesa kwenye tumbo la mtu kwa sababu ya bega la penseli? "Sijui," akasema.

"Kama hujui, mama, basi si dharura."

Akashuka. Simu ya Sista ilikuwa imezimwa. Ndipo akafanya jambo la kwanza lililokatazwa: akaishika simu nyeusi na kumpigia mshiriki kwa namba iliyoingia jana. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa na sauti nyingine, kavu, ya mwanamke.

"Amelala. Nani wewe?"

"Mimi ni wa hospitali. Naomba nimsikie mwenyewe kidogo."

"Mimi ni wifi yake, niambie mimi. Ni yale maumivu yake ya kila mwezi. Nimemkanda na maji ya moto, kanywa vidonge, sasa katulia."

"Katuliaje, dada? Anaongea?"

"Nimekwambia kalala. Kalala huku amekaa kitako, anasema bega linamzuia kujilaza."

"Mleteni hospitali. Sasa hivi, tafadhali."

"Hospitali!" Wifi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Miaka tisa tunamleta. Mnamwandikia vidonge, mnamrudisha, nauli mnatuachia wenyewe. Kaka yangu yuko safarini na lori, mimi nina watoto wanne hapa. Wewe jina lako nani? Daktari?"

"Mimi ni..." Alikwama. "Mimi ni karani."

Simu ikakatwa.

Bi Penseli alisimama katikati ya chumba, akainua macho kwenye rafu. Ufunguo wa kabati la chuma ulikuwa ndani ya boksi la glovu juu ya rafu. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui. Alifikiri kuhusu barua ya kufukuzwa kazi. Alifikiri jinsi watakavyocheka kama mwanamke yule atakuwa anakaanga vitunguu, mzima wa afya. Akaomba kwa moyo wote iwe hivyo, wamcheke mpaka astaafu. Kisha akajiambia, heri nusu shari kuliko shari kamili, akavuta kiti, akapanda.

Nyumba ilikuwa dakika ishirini kwa teksi. Dereva alikuwa mpenda maongezi, lakini alipomtazama abiria wake kwenye kioo alinyamaza mwenyewe na kuongeza mwendo.

Mbele ya nyumba palikuwa na karakana ya vioo. Vioo vya madirisha vya kila ukubwa vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na mezani palikuwa na rula ndefu na kikatio, vimepangwa sambamba kama vyombo vya daktari. Kwa hiyo namba arobaini na saba alikuwa fundi wa vioo. Bi Penseli alipita kiubavu katikati ya vioo, akijiona mara kumi, kila mahali uso wake una hofu ileile.

Wifi alikuwa mlangoni amebeba mtoto. "Ndiwe yule wa simu? Umepajuaje hapa?"

"Nitukane baadaye, dada yangu. Kwanza nimwone."

"Nyumba ya watu haiingiwi hivi—"

"Nimwone! Kama ni mzima nitakupigia magoti hapa hapa mbele ya majirani."

Hakuwa amewahi kumpandishia mtu sauti kiasi hicho. Wifi alipisha njia, pengine kwa mshangao tu.

Fundi wa vioo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na moja au mbili. Midomo ilikuwa imepoteza rangi, na jasho lilimtiririka ingawa mikono ilikuwa ya baridi. Alifungua macho.

"Nani?"

"Ni mimi ninayetazama michoro yako."

Yule mwanamke alimwangalia kwa muda, kama anayemtafuta mahali fulani mbali. "Nilipiga jana," akasema taratibu. "Ukaniambia nipake rangi."

Bi Penseli alihisi kama amepigwa kofi. "Najua, mwanangu. Najua. Umeona siku zako mwezi huu?"

"Mimi huwa sishiki mimba, mama. Walishaniambia." Akajaribu kusimama ili kuonyesha kwamba anaweza. Macho yakageuka, na mwili mzima ukateremka mikononi mwa karani kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Wifi alipiga ukelele. Mtoto akalia. Baada ya hapo hakuna aliyebishana. Walimbeba, mmoja kwapani na mmoja miguuni, wakapita kati ya vile vioo hatua kwa hatua, huku wifi akirudia, "Pole pole, upande wako, pole pole." Jirani alichukua watoto. Dereva wa teksi aliona wanachobeba, akafungua mlango wa nyuma, na kitu pekee alichosema ni, "Mlazeni." Bi Penseli akapaza sauti, "Asilale! Mkalishe!" kisha akaona mtu mwenyewe hana fahamu, hajui kulala wala kukaa, naye hakujua tena lipi ni sahihi. Akamlaza mapajani. Njia nzima alikuwa ameweka vidole viwili kwenye shingo yake, na kila gari lilipopita kwenye shimo mshindo ule mdogo ulimponyoka, akatafuta, akatafuta, mpaka akaupata tena. Uliendelea kuwa mwembamba. Alihesabu kwa sauti. Hakujua anahesabu kwa nini, ila aliogopa kunyamaza. Karibu na lango la hospitali fundi alizinduka, akakamata sketi ya Bi Penseli, kisha akazimia tena.

Kwenye mapokezi ya dharura mwandikishaji alipekua mkoba wa mgonjwa, akatoa kadi ya utafiti. "Aa, huyu wa endometriosisi. Hapa si pake. Ghorofa ya tatu, kliniki ya—"

"Hapana!"

"Mama, kadi imeandikwa—"

"Kadi nimeiandika mimi!" Bi Penseli alipiga meza kwa kiganja. Watu kwenye mabenchi waligeuka. "Nimeiandika kwa mkono wangu, na nakwambia iweke pembeni! Ni siku arobaini na nne tangu hedhi yake ya mwisho. Bega linamuuma. Amezimia mara mbili. Nisikilizeni jamani, sijui zaidi ya hapo, lakini hilo nalijua!"

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakusema kitu. Alifunua ukope wa chini wa mgonjwa kwa kidole gumba, akautazama. Akashika mkono, akahesabu. Akaweka kiganja tumboni, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Hapo akageuka mtu mwingine.

"Kitanda hapa! Dripu mbili, za mbio! Mwiteni wa altrasaundi, na mtu akimbie benki ya damu!"

Walimsukuma na kutokomea naye nyuma ya pazia. Mkono wa fundi ulikuwa bado umeshika sketi ya Bi Penseli. Ilibidi muuguzi aubandue kidole kimoja kimoja.

Waliketi kwenye benchi la chuma, karani na wifi, watu ambao saa moja kabla walikuwa wanagombana. Kila mlango ulipofunguka wote wawili walisimama, na kila mara alikuwa mtu wa mtu mwingine.

"Wamesema nini pale kwenye mashine?" wifi aliuliza. "Nilisikia damu."

"Wamesema tumbo limejaa damu. Mimba ilitunga kwenye mrija, mrija umepasuka, na damu hiyo ndiyo inayoliliza bega."

"Mimba?" Wifi alimgeukia. "Miaka tisa? Miaka tisa tunangoja, na imekuja hivi?"

Bi Penseli alichomoa penseli kwenye nywele, akairudisha hovyo sikioni.

"Mimi nilimkanda," wifi akasema, macho sakafuni. "Asubuhi akaniambia, wifi, leo siyo yale. Nikamwambia, kila mwezi unasema siyo yale. Lakini si kweli, hakuwahi kusema hivyo. Nilisema tu nipate kwenda kupika. Kaka yangu akiniuliza nitamjibu nini?"

"Na mimi nilimsomea karatasi," alisema Bi Penseli. "Alinipigia kuomba msaada, nikamsomea karatasi ya ukutani."

Wifi alimtazama, akasogea karibu kidogo.

Ilikuwa karibu saa nane mchana Profesa alipotoka, barakoa ikining'inia shingoni. Alikuwa amemaliza upasuaji mmoja na kuvutwa moja kwa moja kwenye mwingine. Alimwona karani wake benchini, sketi ina madoa, penseli imelala upande sikioni.

"Wewe unafanya nini hapa?"

Bi Penseli alisimama. "Profesa, nilifungua kabati. Nilichukua anwani. Nimemleta mimi. Yuko hai?"

Profesa alivua barakoa, akaikunja kiganjani.

"Yuko hai. Amepoteza mrija mmoja na damu zaidi ya lita mbili. Nusu saa zaidi, ningekuja kuongea na ndugu zake maneno mengine." Akamgeukia wifi na kumweleza polepole, kwa lugha ya kawaida, mpaka wifi akaangua kilio. Kisha akamwambia karani, bila ukali na bila tabasamu: "Kesho saa tatu, ofisini kwangu."

Usiku ule Bi Penseli hakufumba jicho, na Ijumaa saa tatu kasorobo alikuwa ameshafika mlangoni kwa Profesa akiwa amevaa gauni lake la msibani, maana ndilo lililokuwa limepigwa pasi. Ndani alimkuta Daktari Haraka ameketi, mara hii bila haraka yoyote.

"Kufungua lile kabati ni kosa," Profesa alianza. "Wanawake hawa walitupa majina yao kwa ahadi. Kamati ya maadili lazima niwaandikie, na wewe utapata barua ya onyo. Sitaificha, kwa sababu kesho mtu mwingine atalifungua kwa nia mbaya na atajitetea kwa jina lako."

"Ndiyo, Profesa."

"Kosa kubwa zaidi ni langu. Ile karatasi ya ukutani niliiandika mimi, ili kulinda takwimu zisivurugwe na ushauri wa mtu asiye mganga. Nililinda takwimu." Alivua miwani, akaisugua, ingawa haikuwa chafu. "Nimeibandua asubuhi hii. Kuanzia leo mshiriki akisema maumivu ni mapya, simu inakuja kwangu, hata kama nimeshika kisu. Na kila hedhi ikichelewa siku tatu, mtu anaitwa kupimwa. Hilo utalisimamia wewe, kwa sababu wewe ndiye unayetazama."

Daktari aliinua kichwa. "Bi Penseli, uliniuliza kama ni hatari."

"Nilikuuliza, daktari."

"Sikufungua hata ukurasa wa nyuma. Niliona bega nikafurahi." Akainamisha kichwa. "Mtu anakufa, mimi nafurahi."

Hakuna aliyemwambia si kitu, maana kilikuwa kitu.

Jumamosi Bi Penseli alipanda wodini. Fundi wa vioo alikuwa ameegemea mito miwili, damu ya mtu mwingine ikimwingia tone kwa tone. Midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

"Kidonda kinauma. Nakijua ni kidonda, kwa hiyo sina shida nacho." Alivuta shuka. "Profesa ameniambia yote. Kumbe nilishika."

"Ulishika."

"Miaka tisa watu wananiita mti mkavu, na siku niliyokuwa na mtoto tumboni nilikuwa namlalamikia kwa penseli." Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha. Bi Penseli alikaa kitandani akamshika mguu juu ya shuka, kwa kuwa hakujua aguse wapi pengine pasipouma.

Yule mwanamke akajifuta uso, akasema, "Naogopa, mama. Si kufa. Naogopa mwezi ujao. Yale ya siku zote yatarudi, mrija mmoja bado ninao. Nikilala pale nikaumwa, nitajuaje ni yale au ni haya? Nimeumwa miaka mingi kiasi kwamba mwili wangu ukipiga kelele hata mimi mwenyewe siuamini."

Bi Penseli alitamani angekuwa daktari, apate la kusema. "Hutajua," alisema mwishowe. "Mimi pia sitajua. Utapiga simu."

"Nikipiga mara kumi, na mara zote kumi ni yale?"

"Utapiga ya kumi na moja."

"Mtanichoka."

"Tuchoke."

Mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia mwanamume mkubwa mwenye vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameendesha lori siku nzima na usiku wake. Alisimama miguuni mwa kitanda akimtazama mke wake, mikono ikining'inia, asijue aiweke wapi. "Mke wangu," alisema, likamshinda la pili. Mke akamnyooshea mkono ule usio na dripu.

Bi Penseli alitoka bila kuaga. Alishuka ngazi vizuri tu mpaka katikati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, na hapo ndipo miguu ilipomkatalia. Hofu yote aliyoibeba tangu Alhamisi, ya ile shingo na ule mshindo uliokuwa ukimponyoka vidoleni, ilimjia kwa mpigo mmoja. Alikaa kwenye ngazi, akashika chuma kwa mikono miwili, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Watu walipita juu na chini. Mmoja alimuuliza kama amefiwa, akatikisa kichwa.

Msafishaji alifika na ndoo yake, akaipiga deki ngazi iliyo juu yake, kisha iliyo chini yake, kisha akasimama.

"Samahani, mama. Naomba uinue miguu."

Akainua. Msafishaji akapitisha deki, akashuka na kazi yake, na Bi Penseli akabaki pale, miguu juu, akingoja ngazi ikauke.